Kliniki ya watoto wenye changamoto za ukuaji na tabia, hospitali ya wilaya Kigoma: tuanzie wapi wakati bingwa hatuna?

Kasulu_OPD

Habari za kazi wadau.

Uongozi umekubali tufungue kliniki ya siku moja kwa wiki kwa watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, kifafa, Down sindromu, waliochelewa kusema, na wale wanaoletwa na barua ya mwalimu kwamba "hatulii, hasikii". Ngazi yetu ni wilaya. Tulionao ni daktari mmoja asiye bingwa, afisa tabibu, muuguzi wa afya ya akili, mfiziotherapia ambaye nusu ya muda wake ni wa wagonjwa wa mifupa, na afisa ustawi wa jamii. Mwanasaikolojia hatuna, mtaalamu wa tiba ya usemi hatuna, na bingwa wa ubongo wa watoto tusimtaje.

Kwa sasa mtoto wa namna hii akifika anaandikiwa rufaa ya Bugando (Mwanza) au Muhimbili (Dar es Salaam) na habari yake inaishia hapo. Wengi hawaendi. Anayekwenda anarudi na karatasi yenye jina la tatizo na tarehe ya marudio ambayo nauli yake haipo.

Nauliza:
1. Tuchuje watoto wote kliniki ya chanjo, au tuanze na wanaoletwa?
2. Kipimo kipi cha ukuaji kinafaa kwa mtoto anayezungumza Kiha nyumbani?
3. Watoto wangapi kwa siku?
4. Nani apelekwe juu, na aende na nini mkononi?
5. Dawa za kutuliza tabia, tuziweke?

DrWatoto_Tabora

Mkuu, naanza na la tatu, maana kliniki za aina hii huuawa na foleni kabla hazijauawa na ukosefu wa bingwa. Mtoto mpya mpeni saa nzima, wa marudio nusu saa. Mkiwa na vyumba viwili kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 8 mchana, wapya wanne na marudio wanane wanatosha. Muda unaobaki ni wa kuandika, kupiga simu, na mama aliyechelewa gari. Daftari la miadi likijaa, mpya asubiri wiki ijayo, isipokuwa wa dharura. Mkiandikisha 25 kama kliniki ya wagonjwa wa nje (OPD), mchana mtakuwa mmeshaanza tena kuandika rufaa ili chumba kipumue.

Chumba kiwe mbali na kelele. Mkeka, meza fupi, mpira wa kitambaa, doli, kikombe na kijiko, kayamba dogo, penseli nene, vipande vinane vya mbao vya sentimita 2.5 kila upande, na picha za vitu anavyovijua: mtumbwi, kuku, jembe, sufuria. Vifuniko vya soda viondoeni kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Siku ya kwanza msikimbilie jina la tatizo. Tafuteni vinavyotibika hapo hapo mlipo.

Masikio kwanza. Asiitwe mtoto "mwenye usonji" wala "mzito wa kusema" kabla masikio hayajapimwa. Mama akisema "anasikia, mlango ukibamizwa anashtuka", hiyo haitoshi. Kishindo cha mlango ni sauti nzito; mtoto anaweza kukisikia huku s, f na t za maneno hazimfikii kabisa. Chungulieni ndani: nta, usaha, ngoma iliyotoboka. Usaha uliodumu siku 14 au zaidi unakaushwa kwa utambi wa kitambaa safi mara tatu kwa siku, kila mara kikifuatiwa na matone ya siprofloksasini, kwa wiki mbili, halafu mtoto anapimwa tena. Pamba ya njiti za dukani isitumike.

Macho. Asiyekutazama usoni huenda hakuoni. Mulikeni mboni, ukiona weupe ndani, hiyo ni rufaa ya haraka, mambo ya ukuaji yatafuata baadaye.

Degedege. Mwambieni mama aigize kinachotokea, au arekodi kwa simu. Kinachokosewa mno ni mtoto wa miezi 3 hadi 12 anayejikunja ghafla na kurusha mikono mbele, mara nyingi mfululizo, hasa akiamka. Nyumbani wanasema tumbo linamsokota, na zahanati anapewa dawa ya tumbo. Kama pamoja na hilo ameacha kutabasamu au kushika vitu, huo ni mshtuko wa kifafa cha watoto wachanga, West sindromu, na kila wiki inayopita inakula ubongo. Pigeni simu kwa bingwa siku hiyo hiyo. Mojawapo ya dawa zake za kuanzia ni prednisoloni ya dozi kubwa, dawa isiyokuwa adimu, kwa hiyo matibabu yanaweza kuanza kwa maelekezo ya simu. Msingoje EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, ndipo mpige.

Mwili. Uzito, urefu, na mzingo wa kichwa kwa utepe usiovutika, ukipita juu ya nyusi na pale kisogo kilipotokeza zaidi. Pimeni mara tatu, andikeni kipimo kikubwa, kiwekeni kwenye chati ya WHO. Kichwa kinachovuka mistari kwenda juu, utosi umejaa na macho yanazama chini, kinahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo. Damu: Hb (wingi wa damu), selimundu, VVU. Selimundu isirukwe kwa mtoto aliyekuwa akifanya vizuri shuleni kisha akaporomoka, kwa sababu ugonjwa huo huziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kupooza.

Kisha historia. Alilia mara moja alipozaliwa? Alipata manjano siku za mwanzo? Alilazwa kwa malaria kali au uti wa mgongo, na kabla ya hapo alikuwa anaweza nini? Hilo la mwisho muulize hata kama foleni ni ndefu. Mtoto aliyepoteza uwezo aliokuwa nao ni habari nyingine kabisa na yule ambaye hakuwahi kuupata.

Kuhusu hatua: kwa viwango vya WHO karibu watoto wote wenye afya huketi bila msaada kufikia miezi 9.2 na hutembea wenyewe kufikia miezi 17.6. Kwa mtoto njiti toeni wiki alizowahi kuzaliwa, mpaka afikishe miaka miwili. Msemo wa "wa kiume huchelewa, atasema tu" uondoke kwenye midomo ya wahudumu.

Kipimo: MDAT, kipimo cha ukuaji cha Malawi, kuanzia kuzaliwa hadi miaka 6. Ina vipengele 136 katika makundi manne: mwendo, mikono, lugha, na kujitegemea na watu. Ilitengenezwa kwa mazingira yanayofanana na yetu, haimuulizi mtoto habari za ngazi za ghorofa. Inahitaji mtu aliyefundishwa na muda wa kutosha, kwa hiyo isitumike kuchujia umati. Lugha: hesabuni maneno ya Kiha na ya Kiswahili kwa pamoja. Lugha mbili hazicheleweshi mtoto. Mzazi asiambiwe aache Kiha, maana ushauri huo unamnyang'anya mtoto mzungumzaji wake mkuu, ambaye mara nyingi ni bibi.

Masikio_Kwanza

Nyongeza moja tu kwa daktari, lakini ni nzito. Wakipata mashine ndogo ya kupima masikio, OAE, wasiiamini kwa mtoto aliyepata manjano makali. Mashine ile hupima konokono ya sikio. Manjano huharibu mshipa wa kusikia na njia yake kwenye ubongo, kwa hiyo OAE inaweza kusema "amefaulu" na mtoto haelewi neno. Huyo anahitaji ABR, kipimo cha mshipa wa kusikia na njia yake kwenye ubongo, ambacho kwa mkoa wenu maana yake ni rufaa. Mtamtambua: viungo vinajinyonganyonga bila yeye kutaka, macho yanapata taabu kupanda juu, na akili mara nyingi nzuri kuliko anavyodhaniwa.

Jentamisini na kwinini nazo ziandikwe kwenye historia, hasa aliyechomwa kwa siku nyingi akiwa mchanga.

Pasipo mashine: msaidizi mmoja amshughulishe mtoto kwa mbele na kitu kisicho na sauti, mwingine asimame nyuma, umbali wa mkono mmoja, atoe sauti ya chini ya "sss", kisha kayamba, kulia na kushoto. Kinachoharibu jaribio hili ni kivuli cha anayesimama nyuma, upepo wa mkono wake na manukato. Mtoto anageuka kwa hayo, nanyi mnaandika "anasikia".

Nesi_RCH_Uvinza

Shikamoo daktari. Nami niingie kwenye la kwanza.

Msichuje wote sasa. Mkichuja wilaya nzima mwezi wa kwanza mtapata majina mengi kuliko miadi mliyonayo, na mama aliyeambiwa "mtoto ana dalili" kisha akapewa tarehe ya miezi mitano ijayo hatarudi. Anzeni na wanaoletwa. Marudio yakishatulia, ongezeni mlango mmoja: chanjo ya pili ya surua-rubela, miezi 18. Baada ya hapo mtoto haonekani kliniki mpaka augue. Umri huo unakubaliana na M-CHAT-R, fomu ya kuchuja usonji, ambayo ni ya miezi 16 hadi 30. Msiitumie kwa mtoto wa miaka minne, majibu yake hayatakuwa na maana.

Ni maswali 20. Alama 0 hadi 2, hatari ndogo. 3 hadi 7, rudieni kwa maswali ya ufuatiliaji yale aliyokosa. Akibaki na 2 au zaidi, aje kliniki. 8 na kuendelea, aje moja kwa moja. Wanapokosea kuhesabu: "hapana" ndilo jibu la hatari kwa maswali yote, isipokuwa la 2, la 5 na la 12, ambayo hatari yake ni "ndiyo". Kateni karatasi yenye matundu, iwekwe juu ya fomu, ionyeshe majibu ya hatari tu. Inamaliza ubishi.

Tafsiri iwe moja, iliyoandikwa, isomwe vilevile kila mara. Kila nesi akijitafsiria kichwani kwa Kiha mtakuwa na vipimo vingi kama manesi. Mhudumu mwenye Kiha kizuri ataelewana pia na mama wa Kirundi anayetoka Nyarugusu, kwa hiyo mpangeni siku hiyo.

Maswali mawili yanapotosha kwetu. "Anakutazama machoni?" Watoto wengi wanafundishwa kutomkazia mkubwa macho, kwa hiyo angalia anavyomtazama mama yake wakicheza, usijipime wewe na sare yako nyeupe. Na "anaonyesha kwa kidole?": mama akisema ndiyo, muulize anaonyeshaje. Kumvuta mama mkono na kuuweka juu ya chungu ni kuomba. Kuonyesha ndege angani kisha kugeuka kuona kama mama naye ameona, hicho ndicho kinachotafutwa.

Kwa miaka 2 hadi 9 yapo Maswali Kumi, ambayo yameshatumika kwa Kiswahili huko Kilifi, Kenya. Yanafaa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Yanakamata ulemavu mkubwa vizuri, wa wastani yanaupitisha, na kwa macho na masikio ni dhaifu. Mwezi wa matone ya vitamini A, Juni na Desemba, ndio wakati rahisi wa kuyauliza.

TibaKazi_TBR

Mtindio wa ubongo watakuwa wengi kuliko mnavyotarajia, na hapo mfiziotherapia wenu asipoteze nusu saa nzima kunyoosha miguu ya mtoto wakati mama ameketi benchi. Kazi yake ni kumfundisha mama mambo mawili au matatu ya kufanya kila siku, mama ayafanye mbele yake, ndipo aondoke.

Kulisha kuwe kwa kwanza. Mtoto anayelishwa amelazwa chali, kichwa kikining'inia nyuma, uji unamwingia kwenye njia ya hewa. Dalili: anakohoa wakati wa kula, sauti inakuwa ya majimaji, nimonia inarudi kila baada ya muda mfupi, na hanenepi. Aketi wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, mama akae mbele yake na si nyuma. Kijiko kidogo kisicho na kina, uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa, kijiko kinachofuata kingoje ameze. Baada ya kula akae wima nusu saa. Akiwa na utapiamlo, lishe itangulie mazoezi.

Kiti. Kiti cha kona kinamtosha mtoto asiyemudu kukaa: mgongo wa mbao mbili zinazokutana kama pembe ya chumba, zikileta mabega mbele. Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili. Kikizidi hapo, mtoto anateleza mbele na mgongo unapinda. Nyonga, magoti na vifundo vyote viwe pembe mraba, nyayo zikanyage ubao, meza iwe usawa wa viwiko. Pimeni upya kila miezi sita. Mbao iwe nyepesi. Mninga wa huku kwetu ni mzuri kwa kitanda, ila kiti kitakachobebwa kichwani kwenda kliniki kitamchosha mama, nacho kitaishia kuwa kibanda cha kuku.

Pesa ya mbao ikikosekana, maboksi yanafanya kazi: tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo, kila tabaka likauke juani kabla ya linalofuata. Kinachokiua kiti cha karatasi ni haraka ya kubandika na mkojo. Kikipakwa vanishi kote, pamoja na chini, kinadumu, na panya hawatafuni gundi. Msikitengeneze wakati wa mvua, hakitakauka ndani.

Asiyetembea apigwe eksirei ya nyonga kila mwaka. Nyonga huchomoka polepole bila kelele, na mtoto analia wakati wa kubadilishwa nepi mkidhani ni tabia. Na tafadhali, kiti cha magurudumu cha mtu mzima asipewe mtoto wa miaka mitano kwa ajili ya picha ya makabidhiano.

Kasulu_OPD

Asanteni sana, hii ya kiti naichapisha. Sasa kuhusu dawa, mfano wa kawaida kabisa: mtoto miaka 6, kilo 20, ana kifafa, anatumia fenobabito kidonge kimoja cha mg 30 usiku, dozi aliyoanzishwa akiwa na kilo 12. Degedege bado zinakuja, na darasani anarukaruka, anapiga wenzake. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kumwongezea haloperido. Mnasemaje?

AfyaYaAkili_Nzega

Hapana. Piga hesabu kwanza. Mg 30 kwa kilo 12 ni mg 2.5 kwa kilo, sawa. Kwa kilo 20 ni mg 1.5 kwa kilo, chini ya hata dozi ya kuanzia, ambayo ni mg 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku. Mtoto amekua, kidonge hakikukua. Ndiyo maana degedege zinaendelea, na wala siyo kwamba "dawa imemkataa".

Lakini kabla ya kupandisha: fenobabito kwa watoto huleta kutotulia, hasira na usumbufu wa usingizi. Mwongozo wa WHO wa afya ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa (mhGAP) unasema iepukwe kwa mtoto mwenye shida ya tabia, na kwa mwenye ulemavu wa akili kabamazepini au valproeti zitangulie. Kwa hiyo hapa mazungumzo na daktari ni ya kubadilisha dawa. Kabamazepini huanza mg 5 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa, ikipanda taratibu kuelekea mg 10 hadi 30 kwa kilo, na fenobabito ipunguzwe kidogo kidogo kwa miezi miwili au zaidi. Ikikatwa ghafla mtoto anaweza kuingia kwenye degedege isiyokoma. Angalieni aina ya kifafa: kama ni kile cha kuzubaa sekunde chache au kushtukashtuka, kabamazepini inaweza kukizidisha. Valproeti kwa msichana anayekaribia kuvunja ungo iepukwe, inadhuru mimba. Pima uzito kila anapokuja na uandike kwa mkono wako "mg kwa kilo" pembeni ya dozi. Safu hiyo moja ingefuta nusu ya rufaa za "kifafa sugu".

Stoo: fungueni hesabu ya watoto wa kila dawa, muagize kwa idadi hiyo na akiba ya mwezi mmoja juu yake. Ikikaribia kuisha, mama aambiwe kabla, asije kugundua dirishani.

Haloperido na klopromazini hazitibu usonji, hazitibu utukutu. Zinamlaza mtoto na watu wazima wanapumzika. Haloperido pia hupindisha shingo na kuyapandisha macho juu, na anayeona hivyo usiku anadhani ni degedege, anaongeza dawa ya kifafa. Risperidoni ina nafasi yake kwa mtoto anayejiumiza vibaya, lakini kwa uamuzi wa bingwa, kwa muda, uzito ukifuatiliwa. Kabatini kwenu isikae kama panadoli.

Tabia yenyewe ichunguzwe hivi. Mtoto asiyesema anayejigonga kichwa, tafuta maumivu: sikio, meno, choo kigumu, minyoo, usingizi mbovu wa anayekoroma. Ukimaliza hapo mpe mzazi karatasi ya safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Wiki mbili. Asiyejua kusoma aeleze kwa mhudumu wa jamii kila baada ya siku tatu. Mara nyingi safu ya tatu inajisema: kila akipiga kelele anapewa simu. Au safu ya kwanza: vurugu zote ni za wakati wa kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine, basi aonyeshwe kitu cha jambo linalofuata, kata ya kuogea kabla ya kuoga, sahani kabla ya kula. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati. Mkibadilisha matano hamtajua lililofanya kazi, na mzazi atachoka siku ya tatu.

WHO ina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoongozwa na wasio mabingwa. Huyo muuguzi wenu na afisa ustawi wanatosha wakifundishwa. Baba, bibi, yeyote anayeshinda na mtoto aje, maana mama akirudi na mbinu mpya na bibi hazijui, hazifiki Ijumaa.

Waulizeni pia dawa za miti shamba, kwa sauti ya kawaida. Anayekaripiwa mara ya kwanza hatasema tena, nanyi mtatibu usingizi wa kupindukia msiojua umetoka wapi.

Mwl_ElimuMaalum

Upande wa shule ni mfupi. Barua ya hospitali inayosema "ana usonji" haimsaidii mwalimu mwenye darasa limejaa. Andikeni anachoweza: anaelewa agizo la hatua moja au mbili, anakaa dakika ngapi kwenye kazi moja, anajiomba choo au la, sikio lipi ni zima ili lielekezwe kwa mwalimu, dawa anameza saa ngapi, na akianguka afanyiwe nini: alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, muda uhesabiwe, zikipita dakika tano apelekwe kituo cha afya. Nakala kwa afisa elimu maalum wa halmashauri. Barua zifike Oktoba hadi Desemba wakati wa uandikishaji. Februari madarasa yameshapangwa na mtoto ameshaambiwa "mlete mwakani".

Ustawi_Ziwani

La nne. Wanaokwenda juu ni hawa: anayepoteza uwezo aliokuwa nao, mshtuko wa wachanga aliousema daktari, kichwa kinachokua haraka, degedege zisizoshikika kwa dawa mbili zenye dozi sahihi, mboni nyeupe, mtoto wa Down sindromu ambaye moyo haujapimwa (karibu nusu yao wana kasoro ya moyo), na aliyeshindwa kipimo cha masikio baada ya kutibiwa. Kuchelewa kusema peke yake, masikio yakiwa mazima, akue kwenu huku mkimfanyia kazi.

Kila rufaa itanguliwe na simu. Karatasi moja, swali moja juu kabisa: "Tunaomba ABR kwa sababu ya manjano", siyo "kwa uchunguzi zaidi". Chini yake uzito, mzingo wa kichwa, dozi kwa mg kwa kilo, majibu ya masikio, damu. Video ya dakika moja kwenye simu ya mzazi. Majibu ya msamaha wa malipo au bima yathibitishwe kabla ya safari. Mzazi akifika Mwanza akaambiwa arudi kwa ajili ya muhuri, hiyo ndiyo safari yake ya mwisho.

Miadi ya wanaotoka mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, Buhingu mpaka Kalya, ipangwe kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wanapumzika, baba yuko nyumbani na anaweza kuja. Ukimpa miadi ya katikati ya giza utampata mama peke yake au hutampata mtu. Namba mbili za simu kwenye faili, moja ya mwenyekiti wa kitongoji. Miezi mitatu ya kwanza marudio kila mwezi.

Na takwimu. Msiandike "magonjwa mengine" kwenye MTUHA, vitabu vya takwimu za afya. Tumieni namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa: G80 mtindio wa ubongo, F84 usonji, G40 kifafa, Q90 Down sindromu, F80 kuchelewa kusema, F90 kutotulia. Mpango wa halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Asiyekuwa na namba wakati huo hapati mtaalamu kwenye ikama wala fungu la matone ya masikio.

Kasulu_OPD

Nimeelewa vizuri. Swali la mwisho: inakuja kambi ya madaktari bingwa ya siku tano, yupo wa watoto. Tutangaze watoto wote wenye changamoto hizi waje?

DrWatoto_Tabora

Mkitangaza wote, bingwa atawaona kwa dakika tano kila mmoja na mtabaki na rundo la majina yasiyo na mpango. Tumieni wiki zilizobaki kuwapima wenyewe, mchague kama kumi wenye swali gumu, kila mmoja na karatasi yake moja kama alivyoeleza Ustawi. Ombeni wapangwe siku mbili za mwanzo, ili dawa ikibadilishwa aonekane tena kabla kambi haijafungwa. Afisa tabibu wenu akae chumbani naye kwa watoto wote kumi, asipangiwe zamu nyingine. Kabla bingwa hajaondoka mpate namba yake na makubaliano ya siku na saa ya kumpigia kila mwezi, mkiwa na mafaili mezani, si zaidi ya matano kwa simu moja.